Boti ya Kuopoa Meno

Uzuri wa kutengeneza majeneza ni kwamba mteja harudi. Seremala wa makabati atasumbuliwa na mlango usiofunga, seremala wa vitanda ataitwa nyumbani kwa watu kusikiliza mlio ambao hata kuueleza ni aibu, lakini Kipimo alikuwa ameifanya kazi yake tangu ujana hadi mvi bila mtu hata mmoja kumrudishia sanduku na kusema linabana mabegani. Ukikaa miaka yote hiyo bila kulaumiwa, unaanza kuamini kwamba hulaumiki. Mkewe alilijua hilo vizuri, na alilisema kila alipopata nafasi.

Jina la Kipimo alipewa mtaani kwa sababu ya macho yake. Hakuhitaji futi. Ukisimama mbele yake kumsalimia, macho yanashuka kutoka utosini hadi kwenye viatu, yanapanda tena, yanapita bega hadi bega, na wewe unajua kabisa kwamba umeshachongewa. Hakuwa na nia mbaya, yalikuwa mazoea tu. Hata hivyo watu wengi walimsalimia wakiwa mbali, na wengine walichuchumaa kidogo ili kuvuruga hesabu.

Karakana yake ilipakana na saluni ya mkewe. Mlango wa barabarani ulikuwa mmoja, kwa hiyo mwanamke aliyekuja kusukwa hakuwa na njia ila kupita katikati ya majeneza yaliyosimamishwa ukutani. Mke alidai hiyo ilisaidia biashara. Mtu akishapita pale, alisema, hababaiki tena kuhusu mtindo wa kuchagua, anaona bora ajipendezeshe angali anapumua.

Katika nyumba hiyo ya watu wawili akaja wa tatu, mama yake mke. Mumewe, aliyekuwa fundi wa meno ya bandia, alikuwa amefariki mwaka uliopita, na binti alimsihi mno aje kukaa nao badala ya kubaki peke yake kwenye nyumba kubwa yenye ngazi mbovu. Alikuja na sanduku moja, mwavuli, na adabu nyingi kupita kiasi. Alikaa mkao wa kupigwa picha. Alikula taratibu, akikatakata kila kitu vipande vidogo, na kucheka hakucheka. Siku alipofika, Kipimo alimpokea mizigo, akainama kumwamkia kwa heshima zote, na macho yake yasiyo na adabu yakashuka hadi kwenye viatu na kupanda tena. Mkewe akamkanyaga mguu.

Balaa lilianza Jumapili moja, mke alipomwambia amtembeze mama kwenye bustani ya manispaa, angalau apate hewa. Bustani hiyo ina bwawa, na juu ya bwawa kuna daraja dogo la saruji la watu kusimama na kutazama maji. Wakasimama. Wakatazama maji. Mwanamume akiwa na mama mkwe wake ana mambo machache sana ya kuzungumza, na Kipimo alikuwa ameshayamaliza yote njiani: jua, vumbi, na afya ya watu wasiowajua vizuri. Ndipo akafanya kosa la kusimulia habari za kazini.

"Kulikuwa na muuza nyama mmoja, mama," alianza, "mtu mnene, aliyetaka jeneza lake mapema maana hakuwaamini wanawe. Kila Ijumaa alikuja kujilaza ndani aone kama bado linamtosha. Siku moja, joto kali, akapitiwa na usingizi humohumo. Akaingia dada mmoja mwenye msiba, amekuja kumtafutia mjomba wake. Akalizunguka lile jeneza, akaligonga, akachungulia ndani, akaniuliza, 'Fundi, hili mbona lina mtu? Mnauza na mtu wake?' Kabla sijajibu, muuza nyama akafumbua macho akamwambia, 'Hili lina mwenyewe, dada, angalia lile la pembeni.'"

"Akafanyaje?" aliuliza mama mkwe.

"Alitokea dirishani, mama. Dirisha lenyewe lilikuwa limefungwa."

Mama mkwe alicheka. Kwanza yalitikisika mabega, kisha kifua, kisha akajishika kwenye ukingo wa daraja na kuangua kicheko kikubwa ambacho Kipimo hangeamini kwamba kinakaa ndani ya mwili wenye adabu kiasi kile. Na katikati ya kicheko hicho meno yake ya juu, yote, pamoja na ufizi wake wa waridi, yakaruka nje, yakang'aa mara moja juani, yakatua majini. Chubwi!

Kicheko kilikatika hapohapo. Mama mkwe akatoa kitambaa kwenye mkoba, akafunika mdomo, akageuka kuelekea nyumbani.

Jioni hiyo mke alimpa Kipimo vidonge vyake bila maji. "Mama yangu hajacheka tangu baba azikwe, halafu wewe unakwenda kumchekesha juu ya maji! Hukuona mahali pengine? Nyumbani hapa tuna sakafu!"

"Ningejuaje kwamba yanaruka?"

"Meno ya bandia ni mlango wa bawaba? Yanaruka!"

Meno hayo yalikuwa kazi ya mikono ya marehemu. Alimtengenezea mkewe kabla hata hawajazeeka, na hakuna mtu mwingine aliyewahi kuyagusa. Binti alipotaja habari ya daktari wa meno, mama alijibu kupitia kitambaa, "Nikivaa meno ya mwanamume mwingine nitakuwa nimeolewa upya." Akasema pia kwamba mwisho wa mwezi atarudi kwake. Kwake kulikuwa na ngazi mbovu na hakuna mtu, lakini angalau hakuna wa kumwona anavyokunywa supu. Tayari sanduku lilikuwa limeshushwa kutoka juu ya kabati.

Kipimo aliona aibu, na aibu ilikuwa haki yake. Lakini kulikuwa na kitu kingine ambacho hakumwambia mtu: alikikosa kile kicheko. Alikuwa amekisikia mara moja tu, na nyumba sasa ilionekana tupu zaidi kuliko kabla mama hajaja. Hakutaka aondoke, na hakutaka aondoke kwa sababu yake.

Basi akarudi bwawani. Maji yalikuwa marefu kumpita mtu, lakini safi, na kutoka darajani aliyaona meno yamelala chini kwenye matope, yakicheka peke yake. Alishusha kamba yenye ndoano. Ndoano ikayagusa, yakasogea. Akajaribu tena, yakasogea tena, na kwa bidii yake yote akafanikiwa kuyasukuma hadi chini ya uvungu wa daraja, kwenye kivuli, mahali ambapo mkono wala kamba ya mtu yeyote isingefika. Kazi nzuri, bwana.

Ndipo akamwendea mlinzi wa bustani, mtu mwenye kofia na filimbi, aliyejulikana kwa kutokuwa na mzaha.

"Bwana mlinzi, meno ya mama yangu yako mle ndani."

"Pole sana. Lakini mtu haruhusiwi kuingia majini."

"Pale pembeni tu, nichungulie. Hadi magotini."

"Magoti ni ya mtu."

Mlinzi alieleza kwamba aliyemtangulia alimwaga unga kwa sababu ya bwana harusi mmoja aliyetaka kupigwa picha amesimama majini, na yeye hakukusudia kufukuzwa kwa ajili ya magoti ya mtu. Kipimo akafikiri kidogo.

"Na ikiingia boti isiyo na mtu?"

Mlinzi alikwenda hadi kwenye kibao cha masharti ya bustani, akakisoma chote kwa sauti, akarudi. "Boti haikutajwa," alisema. "Boti ni shauri yako."

Jirani yao upande wa pili alikuwa Fundi Redio, ambaye duka lake lilijaa redio zilizosahauliwa na wenyewe, na ambaye husema "hiyo rahisi" kabla hujamaliza swali. Ukutani kwake ilining'inia kalenda ya zamani yenye picha ya meli ya kuopoa, ile inayokwenda kuinua vyombo vilivyozama: sitaha pana tambarare, chumba kidogo cha nahodha nyuma, na mbele kreni ndefu imeinamia maji. Kipimo aliitazama ile picha mpaka chai ikapoa.

"Tunaweza kutengeneza hiyo? Ndogo, ya rimoti?"

"Hiyo rahisi," alisema Fundi Redio. Alikuwa na magari mawili ya kuchezea yaliyovunjika, kila moja na rimoti yake. Gari moja lingetoa mota za kuendesha boti, jingine lingetoa mota za kreni. Kipimo angefanya mbao.

Sasa, Kipimo hakuwahi kutengeneza boti, lakini kwake sanduku la mbao lilikuwa sanduku la mbao. Alichukua mabaki ya mbao zake nzuri, akazikata, akazipinda kwa maji ya moto, akazipiga randa mpaka zikawa laini, na mkono wake ukafanya ulichozoea kufanya. Boti ilitoka pana mabegani na nyembamba miguuni. Akaipaka vanishi mara tatu. Akaweka vishikio vinne vya shaba ubavuni. Ndani akapaka lami kama anavyopaka siku zote, kisha juu ya lami akabandika satini nyeupe yenye marinda.

Fundi Redio alipokuja na mota zake alisimama mlangoni. "Kaka, hii inakwenda majini au udongoni?"

"Vishikio ni vya kubebea."

"Na satini?"

Kipimo alilainisha marinda kwa kidole. Akasema ni kwa ajili ya mota zisipate baridi.

Kreni, lakini, ilikuwa kreni kweli. Mkono wake ulikuwa kipande cha bomba jepesi la kutundikia pazia. Winchi ilikuwa kibobini cha cherehani, kikizungushwa na mota na kuvuta uzi wa kuvulia samaki. Mwisho wa uzi walifunga kibanio kikubwa cha nywele kutoka saluni, kile chenye kucha pande mbili. Ukibonyeza kitufe, mota ndogo inakifumbua, ukiachia, kinajifunga kwa nguvu ya springi yake. Kipimo alikuwa akikifumbua na kukifumba mezani kwa muda mrefu, akiokota misumari mmoja mmoja, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyesahau umri.

"Tuijaribu kwenye pipa kwanza," alisema Fundi Redio.

"Kujaribu?" Kipimo alishangaa kweli. "Mimi sijawahi kujaribu kazi yangu."

Jumamosi walikwenda bwawani, na mama mkwe akashawishiwa aje, kitambaa mdomoni. Watu wa bustani wakakusanyika. Boti iliwekwa majini, ikang'aa, ikatoka ukingoni kwa mwendo wa taratibu wenye heshima. Wengine walipiga makofi. Ilipofika nusu ya njia kichwa kilianza kuinama. Haikuyumba, haikupiga kelele. Ilikwenda chini kwa utulivu, vishikio vikimetameta, satini ikijitokeza mara ya mwisho, na mpita njia mmoja akauliza kwa sauti ya chini mazishi ni ya nani.

Bahati nzuri Fundi Redio, asiyemwamini mtu, alikuwa ameifunga kamba kwa nyuma. Waliivuta hadi nchi kavu, wakaipasua ile satini, wakaona. Lami ilikuwa ndani. Jeneza linapakwa lami ndani, kwa sababu zinazojulikana, ili kilichomo kisitoke. Maisha yake yote Kipimo alikuwa amezuia vitu visitoke, na hajawahi hata siku moja kujali kinachotaka kuingia. Maji yalipenya kwenye maungio kutoka nje, yakaisukuma lami, ikabanduka yote kama ganda la chungwa.

Jumatatu mama mkwe aliingia karakanani. Tangu aje alikuwa akipita hapo akitazama mbele tu. Sasa aliingia, akavuta kigoda, akaketi, akaigeuza boti juu chini mapajani.

"Baba," alisema kupitia kitambaa, "nani amekufa humu?"

"Hakuna, mama."

"Basi toa hiki kitambaa. Na hii lami ihamie nje. Na hapa kwenye kona mbao hazikukutana, umeziba kwa gundi ukadhani sitaona. Na hii kreni imekaa mbele mno. Na kibanio kina kucha za plastiki tupu, kikiyashika meno yatateleza, kivishe mpira."

Kipimo alisimama na randa mkononi. Hakuna mtu aliyewahi kumwambia maneno kama hayo. Masikio yalimwaka moto. Alitaka kusema jambo, akakumbuka anazungumza na nani, akatoka barabarani kuvuta pumzi. Upande wa pili wa ukuta mkewe alikuwa ameacha kusuka, amebandika sikio ukutani, na kichwa cha mteja wake kilikuwa kimesukwa nusu. Kipimo alipopita dirishani aliwaona wote wawili wakicheka bila huruma.

Alirudi ndani, akang'oa satini.

Kuanzia hapo mama mkwe alikuja kila siku, na kila siku alikuwa na lake. Vanishi ilikuwa nzito. Usukani ulikuwa mdogo. Fundi Redio aliunganisha nyaya kama mtu anayetoroka polisi. Alikuwa mkali, alikuwa na haki mara nyingi, na hata pale ambapo hakuwa na haki hakurudi nyuma. Kipimo alijikaza kisabuni, akarudia, akarudia tena. Jioni moja, wakiwa wawili tu, mama mkwe akasema ghafla:

"Siku ile niliyofika, pale mlangoni, ulinipima."

Kipimo nusura ajikate kidole. "Ni mazoea, mama. Naomba unisamehe. Macho yananitangulia."

"Nilitoka ngapi?"

"Mama!"

"Nimekuuliza."

"Urefu ni… wa kawaida, mama. Na mabega ni ya wastani."

"Wastani!" Mama mkwe alikasirika kabisa, hata kitambaa kikashuka. "Marehemu alikuwa akisema nina mabega ya malkia."

"Nitaongeza, mama."

"Usiongeze chochote. Sijaagiza."

Wakatazamana, kisha kila mmoja akainamia kazi yake haraka, maana kicheko kilikuwa karibu na hapakuwa na meno ya kukishikilia.

Safari hii walijaribu. Walijaza maji kwenye beseni kubwa la saluni, na boti ikakaa juu ya maji siku nzima ikiwa kavu ndani. Lakini kreni ilipozungushwa kuelekea pembeni, boti nzima ililala ubavu na kumwaga kila kitu. Fundi Redio alishika tama. Ni Kipimo aliyekumbuka vile vishikio vya shaba, vizito visivyo na kazi. Akaving'oa ubavuni, akavifunga chini kabisa ya boti, kwenye tumbo lake, na boti ikasimama imara hata kreni iinamie wapi.

Ikabaki swali la mkono. Kipimo aliiendesha boti vizuri, lakini kuendesha boti na kreni kwa pamoja kulimshinda, na Fundi Redio vidole vyake vilizoea kugonga vitu. Mama mkwe aliwatazama wakihangaika kuokota pini ya nywele ndani ya beseni, wakiikosa na kuikosa. Mwishowe akanyoosha mkono.

"Lete."

Alikaa miaka mingi kando ya mumewe akipanga meno kwenye nta, moja baada ya jingine, kila moja kwa pembe yake, na mkono uliofanya kazi hiyo hautetemeki. Alishusha kibanio, akasubiri kitulie, akakifumbua kidogo tu, akakiachia. Pini ikapanda. Akaokota ya pili. Akaokota kishikizo. Wateja wa saluni walitoka chini ya mashine za kukaushia nywele kuja kuona, mmoja akavua hereni yake na kuitupa ndani makusudi, ikaokotwa. Binti yake alimtazama mama akiinamia beseni, kitambaa kimesahaulika begani, na ilibidi arudi nyuma ya pazia kufuta macho. Lakini juu, chumbani, lile sanduku lilikuwa bado liko wazi kitandani, nusu limepangwa, na mwisho wa mwezi ulikuwa umefika.

Walikwenda bwawani asubuhi, jua likiwa bado upande. Mke alibeba kioo kikubwa cha saluni, akasimama ukingoni na kukielekeza juani, akirusha mwanga hadi chini ya uvungu wa daraja. Meno yakaonekana, yamezama nusu kwenye matope. Kipimo alikuwa na rimoti ya boti, mama mkwe ya kreni, Fundi Redio alikuwa na kamba na sala. Mlinzi alisimama kando, filimbi mdomoni, kuhakikisha hakuna mtu atakayegusa maji.

Boti ikaenda. Safari hii haikuwa na vanishi ya kung'aa wala pambo lolote, nyeusi ya lami kutoka nje, na ilipita juu ya maji kama kitu kinachojua kinakokwenda. Kipimo aliiingiza chini ya daraja, akaisimamisha. Kreni ikazunguka. Uzi ukashuka. Mara ya kwanza kibanio kikarudi na kijiko. Mara ya pili kikarudi na ukanda wa kiatu. Watu wakaguna. Mama mkwe hakubadilika uso.

Mara ya tatu uzi ulishuka, ukatulia, ukakaza. Boti ikainama kidogo, ikajiweka sawa. Na kutoka majini yakapanda meno, yamebanwa katikati kabisa, yakidondosha matope.

Kelele zilizopigwa bustanini ziliwatisha bata. Fundi Redio alimkumbatia mlinzi, jambo ambalo wote wawili walilijutia papo hapo. Kipimo hakupiga kelele, alikuwa akiirudisha boti polepole, roho juu, asije akayumbisha mzigo. Boti ikatoka uvunguni, ikafika katikati ya bwawa, pale penye kina kuliko pote.

"Simamisha hapo, mwanangu," alisema mama mkwe.

Akasimamisha. Alidhani kuna kitu kimekwama. Meno yalikuwa yakining'inia juu ya maji, yamesafishika, jua likiyapiga, na kutoka ukingoni mtu aliweza kuyaona vizuri, jino kwa jino. Mama mkwe aliyatazama kwa muda. Kisha akabonyeza kitufe. Kibanio kikafumbuka, meno yakaanguka, na maji yakajifunga juu yake.

"Mama!" Kioo nusura kimtoke mkewe mikononi.

"Imepiga shoti!" alilia Fundi Redio. "Ni waya! Si mimi!"

"Waya ni mzima," alisema mama mkwe. "Nimeachia."

Hasira ilimpanda Kipimo. Wiki zote zile, mbao zile, matusi yale yote aliyoyameza! Akageuka amwambie, awe mkwe awe nani, akamkuta analia, kitambaa kikiwa kimekunjwa ndani ya ngumi.

"Yananiumiza tangu alipokufa," alisema. "Yeye ndiye aliyekuwa akiyasugua, kila nikikonda, kila nikinenepa. Mwaka mzima nimeyavaa yananikata, nikiona kwamba nikiyavua nimemwacha. Siku ile yalinitoka tu, bila mimi kutaka. Hiyo ndiyo iliyoniuma. Leo nimeyaona, na nimeyaacha mwenyewe."

Hasira ya Kipimo ikashuka. Alikuwa amesimama kwenye makaburi mengi, akingoja nyuma na kamba zake, na alikuwa ameshaiona mikono ya wajane inavyochelewa kuachia ule udongo wa kwanza. Hakujua kwamba siku zote hizi alikuwa akitengeneza kitu cha kazi ileile. Akaweka rimoti chini, akasogea, akasimama kando yake.

Filimbi ikalia. Mlinzi alikuwa anakuja mbio, kidole kikielekea majini.

"Nani ametupa taka bwawani? Nimeona kwa macho yangu! Taka hairuhusiwi!"

Mama mkwe alimgeukia, mdomo wazi, bila kitambaa, bila meno, na kwa sauti ya kusikika hadi upande wa pili wa bustani.

"Hiyo si taka," alisema. "Huyo ni mume wangu."

Mlinzi alishusha kidole. Akatazama maji, akamtazama mama, akavua kofia yake, akaishika kifuani.

"Pole, mama," alisema.

"Asante, baba." Mama mkwe alimrudishia Fundi Redio rimoti yake, akamshika binti yake mkono, akamwambia kesho wampeleke kwa daktari wa meno. Lakini kwanza, alisema, waende nyumbani wampe chakula, chochote, maana ana njaa ya tangu mwaka jana.